Ukoo wa Mfungwa na Ukoo wa Bwana Wetu



Sura ya kwanza ya Injili ya Mathayo inaposomwa kanisani, twajua yatokeayo. Msomaji huanza vizuri kwa Ibrahimu na Isaka, na baada ya majina machache ulimi wake huanza kujikwaa. Watoto hutazamana na kucheka. Wazee husinzia. Nasi tulio wengi twangoja tu amalize majina yale tufike kwa Yusufu na Mariamu, maana hapo ndipo tunapodhani kwamba Injili inaanza.

Lakini Injili imekwisha kuanza. Tukisikiliza kwa makini, katikati ya majina yale twasikia jambo la ajabu. Mathayo anapofika kwa mfalme Daudi, fahari ya ukoo mzima, haishii kusema kwamba Daudi alimzaa Sulemani. Anaongeza kwamba mama yake Sulemani alikuwa mke wa Uria. Jina la mama halitaji. Jina la mume aliyeuawa analitaja. Kila Myahudi aliyesoma maneno hayo alikumbuka mara moja habari nzima: jinsi Daudi alivyomtwaa mke wa askari wake aliyekuwa vitani, na jinsi alivyoandika barua ya kumtoa askari yule auawe, kisha akampa Uria mwenyewe aipeleke barua hiyo kwa jemadari (2 Samweli 11).

Ni kama kwamba Mathayo amefungua daftari la jeshi la Daudi, na daftari la makosa yake, akayaweka yote mawili mbele yetu kabla hajatuonyesha mtoto Yesu. Kwa nini alifanya hivyo? Mwezi huu tungependa kulitafakari swali hili pamoja nanyi, kwa kutazama kazi moja inayofanywa na watu wengi wa Uingereza na Australia: kazi ya kuwatafuta mababu zao waliokuwa wafungwa.

Jinsi wanavyotafutwa

Kwa miaka 80, tangu 1788 mpaka 1868, serikali ya Uingereza iliwapeleka Australia watu zaidi ya 160,000, wanaume kwa wanawake, kama wafungwa. Malkia Victoria alipoanza kutawala mwaka wa 1837, merikebu hizo zilikuwa bado zikisafiri. Baadhi ya waliochukuliwa walikuwa wezi wa nguo au wa kondoo, baadhi wauaji, na baadhi walikuwa askari wa Malkia mwenyewe, waliohukumiwa na mahakama za kijeshi kwa kutoroka au kwa kumpiga mkubwa wao. Wengi hawakurudi kwao tena. Walibaki huko, wakafa huko, na wengi wakaacha watoto. Leo wajukuu wa wajukuu wao wanataka kujua walikuwa watu gani.

Mara nyingi kazi hiyo huanzia katika daftari la kanisa. Mwaka wa 1538, Mfalme Henry VIII akitawala, makasisi wa Uingereza waliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko ya watu wao. Serikali yenyewe haikuanza kuandikisha vizazi na vifo katika Uingereza na Wales mpaka Julai 1837. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa kabla ya hapo huonekana kwanza penye maji ya ubatizo: jina lake, wazazi wake, siku yake. Hilo ndilo neno la kwanza lililoandikwa juu yake, wala si neno la mashitaka. Tuliweke moyoni, maana tutalirudia.

Kisha mtafutaji huenda Kew, pembeni mwa London, iliko nyumba ya nyaraka za taifa. Huko zimo karatasi za jeshi. Katika fungu lenye alama WO 97 ziko hati za askari walioachishwa kazi: mahali alipozaliwa, kazi aliyoifanya kabla ya kuandikishwa, kimo chake, rangi ya macho yake, miaka aliyotumika, na jinsi wakubwa wake walivyoiona tabia yake. Lakini hapa wengi hukwama. Hati zilizotunzwa za kabla ya mwaka wa 1883 ni hasa za wale waliotoka na pensheni. Askari aliyetoroka, au aliyefukuzwa kwa aibu, kwa kawaida hana karatasi humo. Mtafutaji humfuata katika orodha za mishahara za kikosi chake, zilizoandikwa kila miezi mitatu. Mara yuko Crimea vitani, mara yuko hospitali, mara amewekwa mahabusu. Na robo mwaka inayofuata jina lake halipo tena.

Jeshi la siku zile lilikuwa kali. Mwaka wa 1846 askari mmoja alikufa huko Hounslow baada ya kuchapwa viboko 150, na mwaka uo huo ikaamriwa kwamba visizidi 50. Lakini viboko vyenyewe havikuondolewa jeshini mpaka 1881. Mtoro alichanjwa kwa sindano na wino ubavuni, chini ya kwapa la kushoto, herufi D, ambayo kwa Kiingereza ndiyo herufi ya kwanza ya neno la mtoro. Desturi hiyo ilikomeshwa mwaka wa 1871. Basi mtu mmoja aliweza kuwa na haki ya kuvaa nishani ya Crimea kifuani, na chini ya kwapa lake awe na alama ya aibu asiyoweza kuivua.

Baada ya jeshi huja gereza. Wengine walianza katika gereza la Pentonville, London, lililofunguliwa mwaka wa 1842, ambamo kila mfungwa alikaa chumba chake peke yake. Alipotoka chumbani alivaa kofia iliyomfunika uso, asijulikane na wenzake. Hata kanisani mle gerezani kila mmoja alisimama ndani ya kijisanduku cha mbao, amwone kasisi tu, asimwone jirani. Ndugu, fikirini sala iliyopangwa hivyo: watu mamia wakiimba pamoja, na hakuna mmoja anayemwona mwenzake. Kutoka hapo walipelekwa kuvunja mawe Portland au Dartmoor, na baadhi yao wakapandishwa merikebu kwenda Australia.

Makarani wa magereza waliandika mengi: makovu, chale, dini, kama mtu aweza kusoma, makosa aliyoyafanya akiwa ndani, mara nyingine hata barua alizoandika na alizopokea. Tangu mwaka wa 1871 sheria ilitaka wafungwa wapigwe picha. Kuna jamaa ambao picha ya kwanza ya babu yao waliyopata kuiona ni hiyo, amevaa nguo za gereza, akitazama mbele. Siku hizi nyingi za karatasi hizo zasomwa kwa intaneti. Mwaka wa 2017 vyuo vikuu vya Uingereza na Australia vilifungua mahali pa kuzifuatia habari za watu 90,000 hivi waliohukumiwa katika mahakama moja tu, ile ya Old Bailey ya London.

Hiyo ndiyo kazi. Sasa tuulize inatufundisha nini sisi tulio Wakristo. Twaona mambo matatu.

Kwanza, tuseme kweli

Jambo la kwanza analojifunza mtafutaji ni kwamba jina peke yake halitoshi. Uingereza ya siku zile ilijaa watu wenye jina moja. Askari wengine waliandikishwa kwa majina ya uongo. Makarani waliandika kama walivyosikia. Asiyelinganisha umri, mahali pa kuzaliwa, kikosi na makovu, aweza kumchukua mwizi wa watu wengine akamfanya babu yake, au kumchukua shujaa wa wengine akajisifu bure. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo haikomi kaburini. Marehemu naye ni jirani yetu, tena hawezi kujitetea.

Lakini kuna uongo mwingine, wa kunyamaza. Kisiwa cha kusini ya Australia kilichopokea wafungwa wengi kiliitwa Van Diemen's Land. Mwaka wa 1853 kiliacha kupokea wafungwa, na mwaka wa 1856 kikabadili jina kikaitwa Tasmania, na sababu mojawapo ilikuwa kuiepuka ile sifa mbaya ya ufungwa. Watu nao walifanya kama kisiwa chao. Baba hakumwambia mwanawe. Bibi alisema babu alikuja kwa hiari kutafuta shamba. Vizazi viwili vitatu viliishi hivyo, kila mtu akiogopa kuulizwa.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mwaka wa 2007 UNESCO iliziingiza kumbukumbu za wafungwa wa Australia katika orodha ya nyaraka kuu za dunia, na mwaka wa 2010 magereza na makambi 11 ya wafungwa hao yakawekwa katika urithi wa dunia. Wengine sasa wajivunia kuwa na mfungwa katika ukoo wao. Twafurahi kwamba hofu imeondoka. Lakini majivuno nayo yaweza kuwa njia ya kuificha kweli, maana anayemcheka babu yake mwizi kama kichekesho hajamwona bado babu yake, wala hajamwona yule aliyeibiwa.

Mathayo hakuficha wala hakujivuna. Aliandika tu.

Pili, ukurasa mmoja si mtu mzima

Magharibi ya Australia, mwaka wa 1931, nyumba ya zamani ya polisi katika mji mdogo wa Toodyay ilikuwa ikibomolewa. Ndani yake ukapatikana mfuko wa ngozi, na ndani ya mfuko barua. Zilikuwa zimeandikwa na mwanamke mmoja wa Yorkshire, Myra Sykes, kwa mumewe William. Mwaka wa 1865 William Sykes na wenzake walikwenda usiku kuwinda kwa siri katika shamba la bwana mkubwa, wakapigana na walinzi, na mlinzi mmoja, William Lilley, akafa. Sykes akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka wa 1867 akafikishwa Fremantle. Nyuma yake alimwacha mke na watoto wanne. Aliishi nchi ile zaidi ya miaka 20, akafa huko mwaka wa 1891, bila kumwona mkewe tena.

Daftari la gereza lasema huyu ni muuaji, na ni kweli. Mfuko wa ngozi wasema huyu ni mume na baba, mtu aliyetunziwa habari za watoto wake na mwanamke maskini aliyekuwa akimwandikia mwaka baada ya mwaka. Na hayo pia ni kweli. Mwandishi mmoja wa huko, Alexandra Hasluck, alizifanyia barua hizo kitabu kilichotoka mwaka wa 1959. Kama wabomoaji wale wangaliutupa mfuko ule takatakani, tungalibaki na ukurasa mmoja tu wa maisha ya mtu.

Walakini tusiishie hapo, tukamhurumia Sykes tukamsahau Lilley. Naye alikuwa mwana wa mtu. Alitoka usiku ule kufanya kazi yake, na hakurudi. Hapa ndipo tunapoelewa kwa nini Mathayo aliandika jina la Uria. Huyu Uria alikuwa askari mwema. Jina lake ndilo la mwisho katika orodha ya mashujaa wa Daudi (2 Samweli 23). Daudi alitubu, naye Mungu alimsamehe. Lakini msamaha wa Daudi haukufuta jina la Uria. Mungu humsamehe aliyekosa, na wakati huo huo humkumbuka aliyekosewa. Wala hatuna ruhusa ya kuchagua mmoja tumwache mwingine.

Liko jambo jingine katika merikebu zile zilizokwenda Australia ya Magharibi tangu 1850 mpaka 1868, zikichukua wafungwa karibu 10,000, wote wanaume. Wengi wa walinzi waliosafiri nao walikuwa askari wazee wenye pensheni, waliohamia huko pamoja na wake zao na watoto. Na miongoni mwa wafungwa walikuwamo waliokuwa askari pia. Basi katika merikebu moja walisafiri watu waliovaa zamani sare ya Malkia mmoja, huyu juu akishika bunduki, huyu chini akiwa kifungoni. Wakati mwingine tofauti yao ilikuwa siku moja ya hasira, au usiku mmoja wa pombe. Aliye juu leo na aseme ni neema, wala asiseme ni haki yake.

Tatu, Bwana wetu naye aliandikwa

Tunapozungumza habari za daftari la wahalifu, tusisahau kwamba Yesu naye ana ukurasa wake. Alikamatwa usiku. Alisimamishwa mbele ya liwali. Alichapwa na askari. Shitaka lake liliandikwa kwa lugha tatu likapachikwa juu ya kichwa chake, kila apitaye alisome (Yohana 19). Kulia na kushoto kwake walikuwapo wahalifu wawili. Kama karani wa Kirumi aliandika orodha siku ile, aliandika wafungwa watatu, wote wameuawa.

Mtume Paulo, aliyeandika baadhi ya nyaraka zake akiwa gerezani, awaambia Wakolosai kwamba ile hati iliyotushitaki Mungu ameifuta, akaiondoa kwa kuipigilia msalabani (Wakolosai 2:14). Tafadhalini, tusidhani maana yake ni kwamba Mungu alijifanya hakuiona. Aliisoma yote. Hakuna faili la Kew lenye habari nyingi kama alizo nazo yeye. Aliisoma, akaibeba mwenyewe. Na Kristo alipofufuka hakuzificha alama za mwili wake. Aliwaonyesha wanafunzi mikono na ubavu. Ubavuni, ndugu, karibu na pale walipochanjwa watoro wa Malkia.

Ndiyo sababu Mathayo aliweza kuandika ukoo ule bila hofu. Alijua mwisho wake ni nani. Ukoo unaokwisha kwa Yesu waweza kuvumilia kweli yote.

Nasi je?

Katika kila mtaa wa Kanisa ziko nyumba ambamo jina moja halitajwi. Mwana amefungwa, na wageni wakiuliza huambiwa yuko safarini. Binti alitoroka, na picha yake imegeuzwa ukutani. Mama anakuja Ibada ya asubuhi na mapema ili asikutane na wenzake wa Umoja wa Akina Mama, maana hajui awajibu nini. Tusiseme hayo ni ya kwao. Kama mama huyo anaogopa kutuambia kweli, basi sisi ndio tuliojenga vile vijisanduku vya mbao vya Pentonville ndani ya kanisa letu, ambamo kila mtu amwona kasisi na hakuna amwonaye jirani.

Tufanye nini? Kwanza, tusiwalazimishe watu kuungama habari za jamaa zao mbele yetu. Siri ya mtu si chakula cha mazungumzo. Pili, tuwe watu ambao wanaweza kuambiwa. Tatu, tukumbuke kwamba Bwana, katika Mathayo 25, alijihesabu mwenyewe miongoni mwa walio kifungoni. Gereza lililo karibu nasi lina siku za kutembelewa, na barua ya kurasa mbili haigharimu kitu kikubwa. Myra Sykes hakuwa na fedha wala elimu nyingi, lakini alichokiandika ndicho kilichobaki. Nne, kama kuna nyumba iliyoumizwa na kosa la mtu wetu, twende na huko pia, wala tusitangulize maneno ya kusamehe kabla hatujakaa chini kuwasikiliza.

Na hatimaye turudi kwenye lile neno la kwanza. Katika sakristia zetu liko daftari la ubatizo. Huenda jalada lake limeliwa na mchwa, na mwandiko wa makasisi wa zamani ni mgumu kusoma. Lakini humo yameandikwa majina, na baadhi ya majina hayo yameandikwa baadaye katika madaftari mengine, ya polisi, ya mahakama, ya magereza. Daftari lile la kwanza halikufutwa kwa sababu ya hayo ya pili. Mtu aliyebatizwa aweza kuasi, aweza kufungwa, aweza kusahauliwa na jamaa zake kwa miaka 100. Jina lake bado liko pale alipoitwa mtoto wa Mungu, na mlango wa kurudi bado u wazi.

Basi itakaposomwa tena sura ile ya Mathayo, tusisinzie. Msomaji akifika kwa mke wa Uria, tuinamishe vichwa kidogo, tuwakumbuke waliokosa na waliokosewa katika koo zetu sisi wenyewe.

Tuombe. Ee Mungu, wewe unayewajua watu wote kwa majina, tupe ujasiri wa kusema kweli juu ya wazee wetu na juu yetu wenyewe. Uwafariji walioumizwa na makosa yetu, uwe pamoja na walio gerezani na wanaowangoja nyumbani, na mwisho utukusanye sote katika jamaa moja ya Mwanao, Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.